Upanga Uliokatika na Ngoma ya Baba

Nimeitazama tena sehemu ya 19 ya msimu wa kwanza wa Demon Slayer, katuni ya Kijapani kuhusu wawindaji wa mapepo, iliyotengenezwa na studio ya ufotable na kurushwa mwaka 2019, na bado naamini kwamba uzito wake hauko kwenye mapanga. Tanjiro, kijana mwindaji wa mapepo, upanga wake ukiwa umekatika na nyuzi za pepo Rui, adui yake, zikimzingira, anamkumbuka marehemu baba yake, mgonjwa na mwembamba, akicheza ngoma ya mungu wa moto usiku kucha kwenye theluji bila kuishiwa pumzi. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowasha moto wa pigo lake. Nezuko, dada yake mdogo, naye anaamshwa na sauti ya mama yao. Aliyepunjwa ni Rui, ambaye maisha yake ya nyuma yameachiwa sehemu zinazofuata.