Usingizi na nguvu za mchana Dodoma: nilianza na saa ya kuamka

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni saa ya kuamka, wala si ya kulala. Niliiweka saa 11:30 alfajiri, siku zote saba za juma, Jumapili ikiwemo. Wengi wetu tukizidiwa na uchovu hukimbilia kitandani saa 2 usiku, tukajifunika, kisha tukagaagaa mpaka saa 5. Usingizi hauitwi hivyo. Mwili una saa yake ya ndani, nayo hurekebishwa kila asubuhi na mwanga. Ukiamka saa 11:30 siku za kazi na saa 3 asubuhi Jumapili, usiku wa Jumapili usingizi utachelewa na Jumatatu kichwa kitakuwa kizito hadi mchana.

Mwanga wenyewe uwe wa nje, dakika 20 hadi 30. Kukaa dirishani hakutoshi, na taa ya sebuleni haifui dafu hata mbele ya anga lenye mawingu. Huku kwetu jua la Julai huchomoza karibu saa 12:50 asubuhi, la Novemba karibu saa 12:10, kwa hiyo nilipanga kufagia uwanja na kutembea hadi kituo cha daladala ndani ya muda huo. Utakuwa umemaliza dozi ya mwanga bila kutenga muda wa ziada.

Kabla ya kubadilisha kingine chochote, andika. Daftari la shuleni linatosha: muda wa kupanda kitandani, muda uliokadiria kupata usingizi, mara ulizoamka, muda wa kuinuka, chai na kahawa ulizokunywa na saa zake. Jaza asubuhi, kwa kukadiria. Ukianza kutazama simu usiku ili uandike dakika kamili, hiyo simu ndiyo itakayokukesha. Baada ya siku 7 piga hesabu: saa ulizolala gawanya kwa saa ulizokaa kitandani, zidisha kwa 100. Aliyepanda kitandani saa 3:30 usiku akainuka saa 12:00 asubuhi amekaa saa 8 na nusu; kama amelala saa 6 tu, ana asilimia 70 au 71. Lengo ni 85 na kuendelea.

Dawa ya asilimia ndogo ni kupunguza muda wa kitandani, na hapa ndipo wengi hushindwa, maana unaambiwa ulale kwa kuchelewa nawe umechoka. Mtu huyo wa saa 6 atapanda kitandani saa 5:30 usiku na kuamka saa 11:30 alfajiri. Wiki ya kwanza ni ngumu, mchana unasinzia. Lakini hamu ya usingizi inajilimbikiza, na kufikia wiki ya pili kichwa kikigusa mto unapotea. Wiki ikifika asilimia 85, ongeza dakika 15 upande wa kulala. Endelea hivyo wiki kwa wiki mpaka mchana wako ukae sawa. Watu wazima wengi hutulia kwenye saa 7 au 8. Usishuke chini ya saa 5 kwa hali yoyote. Dereva wa basi, wa bodaboda, anayepanda juu ya majengo, na mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, asijaribu hili bila daktari.

Ukiona kama dakika 20 zimepita macho makavu, toka kitandani. Kaa kwenye kiti chumba kingine, taa hafifu, fanya kazi isiyo na utamu: kuchambua karanga au maharage inafaa sana, simu haifai kabisa. Rudi kope zikianza kushuka zenyewe. Tofautisha hayo mawili: uchovu ni miguu kuuma na hamu ya kujinyoosha; usingizi ni kope kushuka na kichwa kuinama. Kitandani tunapeleka usingizi.

Sasa chumba. Ili ulale, joto la ndani la mwili lazima lishuke kidogo, na nyumba zetu za bati na tofali zinalizuia. Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa 3 usiku: bado una joto, kama sufuria lililoepuliwa muda si mrefu. Ukuta umekunywa jua la alasiri na sasa unalitema chumbani. Kwa hiyo sogeza kitanda mbali na ukuta huo, hatua moja au mbili. Mchana funga madirisha na mapazia ya upande wa jua. Fungua yote hewa ya nje inapopoa kuliko ya ndani, kwa kawaida jua likishazama. Feni moja iweke dirishani ikielekea nje, na ufungue dirisha la upande wa pili: inasukuma joto nje na kuvuta ubaridi ndani. Ukiweka feni katikati ya chumba kilichofungwa, unazungusha joto lile lile.

Hewa yetu kavu ina faida yake. Khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikatundikwa mbele ya dirisha linaloingiza upepo, hupoza chumba kweli, kwa sababu maji yakikauka huondoka na joto. Januari hadi Machi hewa ina unyevu, njia hii hupungua nguvu. Kiangazi cha upepo tatizo linakuwa vumbi: pua huziba, unalala mdomo wazi, unaamka koo limekauka. Usifagie chumba jioni kwa ufagio mkavu; piga deki kwa kitambaa kibichi, na fua chandarua mara kwa mara, kwani vumbi hujaa humo bila kuonekana. Juni na Julai shida ni baridi ya alfajiri, basi andaa blanketi la pili karibu na miguu.

Chai ya jioni naiona mkosaji mkubwa kuliko tunavyokubali. Kafeini huchukua karibu saa 5 kupungua nusu. Chai ya saa 11 jioni, nusu yake bado iko mwilini saa 4 usiku. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Kikomo changu ni saa 7 mchana, na vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vimo kwenye hesabu hiyo. Mvinyo nao hulaza haraka, kisha hukuamsha usiku wa manane pombe inapokwisha mwilini.

Mchana, kati ya saa 7 na 9, mwili hushuka hata kwa aliyelala vizuri. Bonge kubwa la ugali huongeza huo mshuko, hivyo nilipunguza ugali kwa theluthi moja na kujazia mlenda, maharage au samaki. Ukilazimika kulala, ziwe dakika 20, kabla ya saa 9, na kengele iwekwe. Ukizidisha hadi saa nzima unaingia usingizi mzito, unaamka umelewa, na usiku umeshauibia. Katika daftari lile lile jipe alama ya nguvu, 1 hadi 5, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 11 jioni. Alama hizo zitakuonyesha chakula gani au chai ipi inakuangusha.

Kama baada ya wiki 6 asilimia iko juu ya 85 na alama bado ni 2, acha kubadilisha ratiba. Pima wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Na muulize unayelala naye kama unakoroma halafu pumzi inakatika, kisha unashtuka ukitafuta hewa. Jibu likiwa ndiyo, mpelekee daktari daftari hilo pamoja na maelezo ya huyo unayelala naye.