Kadi ya Tkinter iliyokataa kubofywa

Kadi hii niliitengeneza kwa Tkinter, maktaba ya Python ya kuunda madirisha na vitufe. Kadi yenyewe ni klasi `Kadi` inayorithi `ttk.Frame` (fremu, yaani kisanduku cha kubebea vitu vingine), ndani yake lebo mbili, ya picha na ya maandishi. Nilitaka mtu akibofya popote juu yake, fanksheni ambayo kadi ilipewa kupitia `amri` iitwe.

Kwanza nilifanya makosa yaonekane. Kwenye Windows, programu ikiendeshwa kwa `pythonw.exe` (Python isiyofungua dirisha la maandishi), ujumbe wa kosa hauna pa kutokea, kwa hiyo kitufe kinaonekana kimekufa tu. Nilitengeneza fanksheni `andika(aina, kosa, njia)` inayoandika yote matatu kwenye faili kwa `logging`, kisha nikaweka `dirisha.report_callback_exception = andika`, ili Tkinter iiite kila kosa linapotokea.

Hata hivyo, kosa la kwanza halikuandika chochote. Ili kuunganisha tukio la kubofya na fanksheni `_bofya`, nilikuwa nimeweka `self.bind("<Button-1>", self._bofya())`. Mabano yale ya mwisho huiita fanksheni palepale kadi inapojengwa, na `bind` hupokea `None`. Ikipewa `None` haifungi kitu wala hailalamiki. Ondoa mabano.

Baada ya hapo ikaja `TypeError`: hoja 1 inatarajiwa, zimetumwa 2. `bind` hutuma kitu cha tukio, ilhali `command` ya kitufe haitumi chochote. `def _bofya(self, tukio=None)` inapokea hali zote mbili, na ndani yake naita `self.amri()` bila hoja.

Kilichonichosha zaidi ni hiki: kubofya ukingo wa kadi kulifanya kazi, kubofya maandishi hakukufanya. Katika Tkinter tukio halipandi kutoka kwa mtoto hadi kwa fremu iliyombeba. Kila wijeti (kipande cha dirisha, kama lebo au fremu) hufuata orodha yake ya `bindtags`: yenyewe, klasi yake, dirisha kuu, kisha `all`. Fremu ya mzazi haimo, basi niliiingiza:

`for m in self.winfo_children():`
`    m.bindtags((str(self),) + m.bindtags())`

Weka mistari hiyo baada ya kuunda lebo zote. Kumbuka pia kwamba `tukio.widget` sasa ni lebo, na `tukio.x` inapimwa kutoka kwenye lebo, si kadi.

Kadi 12 zilizoundwa kwa kitanzi zote zilifungua namba 11, kwa sababu `lambda: fungua(i)`, fanksheni fupi isiyo na jina, huisoma `i` wakati wa kubofya. `lambda i=i: fungua(i)` inatosha kwa `amri`. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye `bind`, tukio litakaa mahali pa `i`; huko andika `lambda tukio, i=i: fungua(i)`.