Shoti iko shingoni, haiko kwenye waya

Nianze na fundi, maana ndiye aliyenichelewesha wiki mbili. Yeye ni mtu wa fensi za umeme za juu ya ukuta, zile za wezi, na hizo anazijua kweli. Nilipomwambia fensi ya mbwa aliyonifungia, ile ya waya wa kufukiwa ili mbwa asitoke uwanjani, haifanyi kazi, hata kuangalia hakuangalia. "Bosi, hiyo ni arthi, umeme haushiki ardhini. Udongo wa Dodoma mkavu, mwagia maji ya chumvi."

Nikamwagia. Nzuguni, mwezi wa tisa, maji yenyewe ya kununua kwa dumu, mimi nayamwaga vumbini na chumvi juu! Mbwa wangu Tajiri akavuka waya kama anakwenda gengeni, akarudi na kuku wa Mama Neema mdomoni. Elfu ishirini na kitu ikanitoka, na kuku hatukumla.

Fensi hii haina habari na arthi. Kile kisanduku cha ukutani kinapeleka mawimbi ya redio kwenye waya uliofukiwa, mkanda wa mbwa unayanasa na kulia pii, na mbwa akizidi kusogea, betri ya mkanda ndiyo inampiga shoti. Waya wenyewe niliushika mbele ya fundi. Aliyeruka ni yeye.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Kuna kitaa kidogo kinakuja kwenye boksi, unakigusisha kwenye zile ncha mbili za mkanda, kinawaka shoti ikitoka. Changu nilikikuta kwenye gari la makopo la mwanangu, ndiyo taa yake ya mbele. Mkanda lazima uushike usawa wa shingo ya mbwa, kwa hiyo nikazunguka uwanja mzima nimeinama kama mtu wa kupalilia, mpaka mzee jirani akanisalimu kwa Kigogo juu ya ukuta: "Mbukwa! Umepoteza nini?" Nikamjibu natafuta redio. Hakuuliza tena.

Nyuma ya nyumba, pii, kitaa kikawaka hatua mbili kabla ya waya. Pembeni vilevile. Mbele, kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Nikasimama juu ya waya kabisa, kimya. Na waya haukuwa umekatika, kwa sababu ukikatika kisanduku kinapiga kelele. Nilichomoa ncha moja kuhakikisha, kikalia mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Nikachukua sururu. Kumbe fundi, kuokoa kuchimba, aliupeleka waya mpaka getini na kuurudisha kwenye mtaro uleule! Mmoja unakwenda, mwingine unarudi, zimelaliana, mawimbi yanauana. Nikautenganisha ule wa kurudi, nikaupitisha chini ya baraza, mita moja na nusu hivi kutoka kwa mwenzake. Pii! Nilipiga kelele kuliko mkanda.

Tajiri bado alivuka siku ya kwanza, ila hilo lilikuwa kosa langu: mkanda ulilegea, ncha zikaishia kwenye manyoya. Ukikaza, kidole kimoja kipite chini yake, basi, na usiku umvue asipate vidonda. Nilifunga pia vipande vya kanga kuukuu juu ya mstari wa waya, nikawa namtembeza na kamba ajue mpaka wake.

Juzi fundi kanipigia, amepata mteja kule mtaa wa Kisasa. "Bosi, ulisema mita ngapi vile?"