Mita yangu ya maji iliyogeuzwa kadi ya mtandao

Jamaa mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Weka namba za Intel kwenye kifaa chako, Linux itakitambua mara moja." Hapo hakukosea. Ilikitambua, tena ikakichukua.

Nilikuwa natengeneza mita ya maji ya bandia ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kama kadi ya PCI (ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta), ili niandike draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, kabla sijapata hela ya kadi yenyewe. Nikaipa namba 8086:100e: 8086 ni ya mtengenezaji, Intel, na 100e ni ya kifaa.

Draiva yangu ikapakiwa bila kelele, ila probe, sehemu ya draiva ambayo Linux huiita ikipata kifaa chake, haikuitwa hata mara moja. Nikachungulia rejista (kisanduku cha namba ndani ya kifaa) ya 0x100, nilikoweka lita 500 za kuanzia: sifuri. Nikazima mashine pepe, nikawasha: sifuri tena! dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa Linux, ilikuwa imejaa malalamiko ya EEPROM, chipu ya kadi inayohifadhi mipangilio yake, nikayapuuza nikidhani ni ya kadi ya mtandao ya QEMU, maana nayo ni 8086:100e. Siku mbili nzima nikaandika upya msimbo uliokuwa mzima, na bando likateketea kwa kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

Siku ya tatu ndipo nikapiga lspci -nnk, amri inayoonyesha kila kadi na draiva iliyoishika, ambayo mwenye akili angeanza nayo. Mita yangu: Intel 82540EM, kadi ya mtandao, draiva inayotumika e1000. Kumbe e1000 haijali kifaa ni cha aina gani, inasoma namba tu. Ikishakidaka inakirudisha mwanzo, na hapo huandika sifuri kwenye 0x100, ambako kwa kadi halisi ndipo pa kudhibiti upokeaji wa pakiti. Lita zangu zilikuwa zinamwagwa na mtu wa mtandao.

Nikajifanya mjanja, nikaweka 1234:1111 nikiamini haina mwenyewe. Inaye: ndiyo kadi ya picha ya QEMU.

Kununua namba ya mtengenezaji kutoka PCI-SIG, shirika linalosimamia PCI, ni maelfu ya dola, sahau. Jibu lilikuwa kwenye nyaraka za QEMU zenyewe, faili la pci-ids: 1af4:10f0 hadi 10ff zimeachwa kwa majaribio, bila kuomba ruhusa, mradi kifaa kisitoke maabara. Kikitoka, unaomba namba rasmi. Nilihofia virtio, familia ya vifaa pepe, kwa sababu draiva yake hutupia jicho kila kifaa cha 1af4, lakini hukubali 1000 hadi 107f tu, vingine inaviacha.

Nikachagua 10f3. probe ikaitwa mara ya kwanza, lita 500 zikasomeka. Yule jamaa nilimtumia picha ya skrini. Akajibu: "Si nilikwambia ni rahisi?"