Iandike kwa Jina Langu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili linatoka Waraka wa Paulo kwa Filemoni, aya ya 17 hadi ya 22. Waraka wenyewe una aya 25 tu, na wengi wetu huwa tunaupita haraka tukiwa njiani kwenda Waebrania.

Kisa mnakijua. Onesimo ni mtumwa wa Filemoni wa Kolosai, naye yuko mbali na bwana wake. Paulo hasemi waziwazi kama alitoroka au aliondoka na kitu cha watu, ila anavyogusia dhuluma na deni, unaona kwamba nyumbani kule hakuacha jina zuri. Alikutana na Paulo kifungoni, akaamini. Sasa anarudishwa kwao, na barua ya kumwombea imeshaandikwa.

Tazama barua imeandikiwa nani. Filemoni, ndiyo, lakini na Afia, na Arkipo, na kanisa zima linalokutana katika nyumba ile. Kwa hiyo haikuwa siri ya watu wawili. Katika sharika zetu nyingi anayesimamishwa mbele ni aliyekosa. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa anaitwa kwa jina baada ya matangazo, anasimama mbele ya madhabahu ameinamisha kichwa, na kijana aliyempa mimba yuko kwenye safu ya besi, ameshika kitabu cha nyimbo. Tunatangaza kwamba amerudi kundini. Akiteremka pale, benchi lake analijua mwenyewe bila kuonyeshwa: la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kolosai mambo ni kinyume. Anayetazamwa na kanisa zima ni mwenye nyumba. Atampokea au hatampokea?

Na Paulo haombi kupokea kwa juujuu. Anataka Onesimo apokewe kama ambavyo angepokewa yeye Paulo. Hapo ndipo penye kazi. Kumruhusu mtumwa arudi kwenye kazi zake na kulala alipokuwa akilala, hilo hata bwana asiyemjua Kristo angeweza, hasa akiona faida yake. Lakini shuka mpaka aya ya 22: Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kukaa, maana anatumaini kufunguliwa na kuja. Soma maombi hayo mawili pamoja. Kuna chumba cha kufagiliwa na kutandikwa kwa ajili ya mtume, na papo hapo mlangoni amesimama mtu ambaye imeagizwa apokewe kama mtume. Alilala wapi usiku ule? Biblia haijasema. Nahisi Afia, ambaye wengi humdhania kuwa mke wa Filemoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiuliza, kwa kuwa watandika vitanda huyaona mambo haya mapema kuliko wenye kuhubiri.

Kuna mahubiri yanayoeleza neema kana kwamba Mungu alifumba macho tu, yakaisha. Paulo hafanyi hivyo. Anakubali kwamba huenda deni lipo, tena la kweli, halafu anasema liandikwe juu yake, na hapo anashika kalamu kwa mkono wake mwenyewe: "Mimi nitalipa." Ni kama jirani yako amekwama dukani kwa Mangi, ukurasa wake umejaa mpaka hakopeshwi tena hata kiberiti, nawe unafika na kusema, "Futa jina lake hapo, andika langu." Mangi hajadhulumiwa hata senti. Deni limehama mtu. Ndivyo Isaya alivyoiona Kalvari kabla haijafika: Bwana ameweka juu yake maovu yetu sisi sote.

Nalikazia hili kwa ajili ya waliokosewa, maana mara nyingi neema ya mkosaji tunaitoa mifukoni mwao. Mama ameliwa fedha za kikoba na mpendwa mwenzake, za ada ya mtoto, na wazee wanamjia jioni: "Samehe tu, mama, wewe si Mkristo?" Wanakunywa chai yake, wanaomba, wanaondoka. Paulo hakumfanyia Filemoni hivyo. Alikuwa mfungwa, mzee, hana cha kujivunia mfukoni, bado akajitia katika deni la mtu mwingine. Kisha, na hapa natabasamu kila nikisoma, anamnong'oneza Filemoni kwamba hatataja lile deni lingine, la nafsi yake mwenyewe, analodaiwa na Paulo. Amelitaja, bila shaka! Filemoni aliyeshika daftari la Onesimo naye ana ukurasa wake mahali, uliolipwa na mwingine.

Wazee wenzangu, kama juma hili kuna mtu kwenye jumuiya yenu anayetaka kurudi, kabla ya kupanga Jumapili ya kumsimamisha mbele, nendeni kwanza kwa yule aliyekosewa naye. Ulizeni ni kiasi gani. Kama mkosaji hana, kikao kianze kwa mzee mmoja kutoa chake, kisha ndipo mtafute ni familia ipi itakayokaa naye benchi moja, lile la mbele.