Kile kitanda cheupe kwa simu ya mdogo wangu

Hii kitu ya matangazo kumfuata mtu kwa simu nimekaa nayo wiki tatu nikijiuliza niandike ama niache, mwishowe nikamuuliza mdogo wangu mwenyewe akaniambia andika tu dada, huenda kuna mwingine anapitia hii na hajui aanzie wapi. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asijulikane, lakini mambo ya simu yote ni vile yalikuwa.

Mdogo wangu alipoteza mimba ya miezi mitano. Ameolewa Nakuru, ni mwalimu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Alipotoka hospitali alikaa kwake siku nne alafu akanipigia usiku akasema hawezi kukaa ile nyumba, kuna kachumba walikuwa wameshaanza kupaka rangi na kila akienda bafuni lazima apite hapo mlangoni. Nikamwambia kesho asubuhi panda gari uje. Akaja.

Mimi niko Kisumu, nina saiba ndogo si mbali na soko la Kibuye, kompyuta sita na printa moja. Nikawa natoka naye asubuhi juu sikutaka abaki nyumbani peke yake, nampa kiti nyuma ya kaunta, yeye anasoma vitu vyake kwa simu mimi nahudumia watu. Siku ya tatu hivi nikamuona amegeuza simu kifudifudi juu ya meza, taratibu, kama mtu anafunika sufuria, akaangalia nje. Sikusema kitu. Baada ya nusu saa tena. Nikamwambia mama, ni nini, akanipatia tu simu. Alikuwa anasoma noti za somo la Darasa la Sita, na katikati ya maandishi, kati ya aya moja na nyingine, kulikuwa na picha ya kitanda cha mtoto, cheupe, kimefungwa neti, na chini bei imekatwa mstari mwekundu na bei mpya imeandikwa. Akasema hicho ndicho nilikuwa nimechagua. Si kinachofanana nacho, ni hicho hicho. Alikuwa amekiangalia kwa duka moja la mtandaoni kama mara kumi hivi akingoja mshahara, na sasa kilikuwa kinamfuata kila mahali, kwa habari, kwa noti za shule, kwa mapishi, hata kwa tovuti ya nyimbo za kwaya.

Moyo wangu ulikatika. Nikamwambia lete hiyo simu nifute kuki, dakika mbili tu. Hiyo ni kazi nafanya kila siku, watu wanakuja hapa tovuti inawakataa, nafuta kuki, inafunguka. Nikafungua Chrome, nukta tatu pale juu, futa data ya kuvinjari, nikabonyeza, nikamrudishia. Jioni tukiwa kwa nyumba akanionyesha skrini bila kusema neno. Kitanda.

Hapo ndo nilikaa chini nikajua hii kitu sijaielewa vile nilidhani naielewa, na siku nne zilizofuata nilikuwa nafungua kila pembe ya hiyo simu. Wacha nieleze nilichokipata, na naeleza na lugha ya kawaida juu nataka mtu yeyote aweze kufuata.

Kwanza kuki yenyewe ni nini. Ni kafaili kadogo ka maandishi ambako tovuti inaacha kwa simu yako ili ukirudi ikujue. Simu ukiiweka kwa Kiswahili utaona wameiita kidakuzi, vidakuzi. Ilitengenezwa mwaka wa 1994 na kijana wa kampuni ya Netscape huko Marekani anaitwa Lou Montulli, na nia haikuwa mbaya hata kidogo, shida ilikuwa kwamba tovuti haina kumbukumbu, ukitoka ukurasa mmoja ukaingia mwingine inakuona kama mgeni, kwa hivyo huwezi kununua kitu juu kikapu kinajisahau. Kuki ndiyo inabeba ile kumbukumbu. Hata ukiingia barua pepe yako leo bila kuulizwa pasiwadi ni kuki imekusaidia.

Shida ni zile kuki zingine. Ukifungua tovuti ya duka, si duka peke yake liko pale, kuna makampuni ya matangazo yameweka vipande vyao ndani ya ule ukurasa, na kila moja linaacha kuki yake kwa simu yako. Alafu ukienda tovuti ya habari na hao hao wako ndani, wanasoma ile kuki waliyoacha dukani, wanajua ni yule mtu wa kitanda. Duka halijui unasoma nini na tovuti ya noti haijui ulikuwa unanunua nini, lakini yule wa katikati anajua yote mawili. Hizo ndizo zinaitwa kuki za washirika wengine, na hizo ndizo zilikuwa zinamtesa mdogo wangu.

Sasa kwa nini nilifuta na kitanda kikarudi. Sababu ya kwanza ilinikasirisha sana. Ukibonyeza futa haraka haraka, kile kisanduku kinachokuja kimeshachaguliwa dakika 15 zilizopita. Dakika kumi na tano! Yeye alikuwa ameangalia kitanda wiki kadhaa nyuma, kwa hivyo mimi nilifuta robo saa ya noti za shule nikaacha yote mengine yamekaa. Lazima ubonyeze pale penye muda ubadilishe iwe tangu mwanzo, alafu uhakikishe vidakuzi na data ya tovuti vimewekewa alama. Watu wengi najua wanafuta hivi kila wiki na hawajui hawajafuta kitu.

Nikafuta tena, tangu mwanzo. Chrome ikatulia. Siku iliyofuata kitanda kikatokea, lakini safari hii nikauliza umefungulia wapi, akasema nimebonyeza linki kwa ile apu ya marafiki. Na kumbe zile apu za mitandao ya kijamii nyingi zina brauza yake ndani, yaani kitu cha kufungulia tovuti kama Chrome, ukibonyeza linki huendi Chrome, unabaki mle mle ndani ya apu, na hiyo brauza ina kuki zake peke yake. Ufute Chrome mara mia, kule hukugusi. Ilibidi niingie setingi za ile apu yenyewe, nikatafuta sehemu ya brauza, nikafuta data ya huko, alafu nikaweka linki ziwe zinafunguka nje. Nikaangalia simu yote nikapata alikuwa na Opera Mini ya zamani anatumia bando ikiisha, na brauza nyingine iliyokuja na simu ambayo hata hakujua iko. Yaani brauza nne kwa simu moja, kila moja na mtungi wake wa kuki. Nikaosha mtungi baada ya mtungi.

Na hapa niseme kitu juu nimeona watu wakikosea hata hapa saiba. Ukiingia setingi za simu, upande wa apu, utapata pameandikwa futa akiba, na pengine chini yake futa data. Akiba ni picha na vipande vya ukurasa tu vimehifadhiwa ili ufunguke haraka, kuki haziko hapo. Na futa data inafagia kila kitu, alamisho, pasiwadi ambazo hukuwa umehifadhi kwa akaunti, yote, kwa hivyo usibonyeze hiyo kama hujajipanga.

Baada ya kufuta nikataka kuzuia zisirudi, na hapo nikaharibu, lazima niseme ukweli. Nilikuwa na hasira nikazima kila kitu, nikakataza tovuti zote zisiweke chochote kwa simu. Asubuhi mdogo wangu anataka kuingia kwa tovuti ya kazi aangalie payslipu yake, anaweka namba, anaweka pasiwadi, inazunguka inazunguka, inamrudisha pale pale pa kuingia. Haisemi umekosea, haisemi kuki zimezuiwa, inamrudisha tu kama mtu anagonga mlango na akifunguliwa anajikuta bado nje. Akajaribu mara tano mpaka akaanza kulia, na alikuwa halii kwa sababu ya payslipu, sote tulijua. Niliumia sana hiyo asubuhi.

Kwa hivyo usizuie zote. Ingia setingi za Chrome, faragha na usalama, tafuta vidakuzi vya washirika wengine, zuia hizo peke yake. Zile za tovuti yenyewe ziache juu ndizo zinakuwezesha kuingia. Na kama kuna tovuti moja inagoma, labda ya malipo, kuna mahali unaiongeza peke yake iruhusiwe bila kufungulia dunia nzima. Ukitaka kufuta kuki za tovuti moja bila kupoteza zingine, nenda setingi za tovuti, fungua orodha ya tovuti zote, itafute, ifute hiyo tu. Hivyo ndo nilifanya na lile duka.

Wenye iPhone mko afadhali kidogo, Safari inazuia hizo za washirika wengine yenyewe tangu 2020, na Firefox nayo inazitenganisha, kila tovuti na chombo chake. Google walisema mwaka huo huo wa 2020 wataziondoa kwa Chrome, wakaahirisha, wakaahirisha tena, na Julai 2024 wakabadilisha mpango. Wengi wetu huku tunatumia Android na Chrome imekuja nayo, kwa hivyo ukitaka kuzizuia ni wewe mwenyewe uingie uzime, na mtu aliyetoka kuzika ndoto yake hana hizo nguvu. Hiyo ndiyo inaniuma.

Ya hali fiche, ile wanaita incognito, watu wananiuliza sana. Inasaidia kwa yanayokuja, ukifunga zile tabo zote za hali fiche kuki zake zinaenda, na Chrome ikiwa humo inazuia za washirika wengine yenyewe. Ya nyuma haigusi.

Bado haikuwa imeisha. Kulikuwa na vitu viwili ambavyo si kuki na nisingevijua kama si kitanda kurudi mara ya tatu, kwa apu ya mchezo wa maneno aliyokuwa anacheza usiku akikosa usingizi. Apu hazitegemei kuki za Chrome, zinatumia namba ya matangazo ambayo simu ya Android inakuwa nayo. Ingia setingi za simu, Google, matangazo, utapata pa kufuta hiyo namba kabisa. Kingine ni akaunti ya Google yenyewe, mle ndani kuna mahali panaitwa My Ad Center, na hapa tafadhali kama wewe ni dada amepitia haya soma vizuri, kuna orodha ya mambo nyeti unaweza kusema nataka kuona kidogo, pombe, kamari, na ndani ya hiyo orodha kuna ujauzito na malezi. Unazima. Wenyewe wanasema ni kupunguza, hawaahidi kumaliza, lakini nilipoipata hiyo saa sita usiku nilimuamsha mdogo wangu aizime na mkono wake mwenyewe.

Alafu wiki iliyofuata meseji ikaingia, kutoka lile duka, ikimpongeza kwa kufika wiki ya ishirini na nne na punguzo la daipa. Kumbe alipofungua akaunti aliwaandikia tarehe ya kujifungua. Hiyo hata ungefuta simu yote haitoki juu imekaa kwao, si kwako. Nikawaandikia barua pepe kwa niaba yake, nikawaambia anaondoa ridhaa yake na wafute taarifa zake, na nikataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 juu inatupa haki hiyo, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data unaweza kuwapelekea malalamiko kama hujasikizwa. Walijibu baada ya siku sita, mstari mmoja, kwamba wamefuta. Pole hakukuwa.

Mdogo wangu alirudi Nakuru jumapili iliyopita. Nilimsindikiza mpaka steji, simu ikiwa mkononi anasoma, nikachungulia, tangazo lilikuwa la mabati.

Jana usiku shemeji akanipigia. Tukasalimiana, akauliza kazi, akauliza mvua ya huko, nikaona anazunguka. Alafu akasema, shem, ile kitu ulifanyia simu ya dada yako, inaweza fanyika na kwa simu nikiwa huku? Nikamuuliza ya nani. Akanyamaza kidogo akasema yangu, na mimi nilikuwa nakiangaliaga kile kitanda.

Nikamwambia weka simu kwa spika, fungua Chrome, nukta tatu pale juu. Umeziona? Sasa usibonyeze kufuta kwanza, badilisha muda.