Babu alitaka kujua ukoo wa kuvu

Masika ya 2019 nilipata kibarua cha kuwasaidia watafiti wa vyura kwenye msitu wa Uzungwa, upande wa Mufindi. Walikuwa wakitafuta kuvu iitwayo chytrid, inayoua vyura.

Kazi ilianza giza likishaingia. Mmoja anamshika chura, mwingine anampangusa kwa kijiti chenye pamba: tumboni, mapajani kwa ndani, kwenye vidole vya nyuma. Kijiti kinaingia kwenye kichupa, namba inaandikwa, chura anaachiwa palepale. Glavu zinavuliwa, zinavaliwa nyingine, anashikwa mwingine. Mmoja wa kahawia alinitulia mkononi, koo likimpwitapwita. Kwa macho alikuwa mzima kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Kuvu hii hujificha kwenye ngozi, na chura hunywa maji kwa ngozi na kulinda chumvi za mwili kwa ngozi hiyohiyo. Ngozi ikishindwa kazi, moyo husimama.

Kambini tukawa tunasugua buti kwa maji ya klorini ili tusihamishe ugonjwa kijito hadi kijito. Babu aliyekuwa akituongoza msituni akauliza, "Mjukuu wangu, huo ugonjwa umetoka wapi?"

Nikamweleza utafiti uliotolewa 2018. Vilisomwa vinasaba vya sampuli 234 za kuvu hiyo kutoka mabara mbalimbali, zikaonekana koo kuu nne. Rasi ya Korea ndiko ulikokutwa mchanganyiko mkubwa wa vinasaba kuliko kwingine. Ukoo mmoja ndio uliotapakaa duniani katika karne iliyopita, na biashara ya vyura hai inahesabiwa kuwa njia yake kubwa.

"Basi kwao ni huko," Babu akasema bila kusita. "Ukoo wenye milango mingi mahali, hapo ndipo ulipoanzia. Sisi Wahehe tunajua hivyo."

Sijamsikia mtu akiueleza utafiti ule vizuri kuliko yeye.

Kisha akanyamaza kidogo. Ujanani alibeba zege kwenye ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi. Vyura wa pale, wadogo, wanaozaa badala ya kutaga, waligunduliwa 1996. Bwawa likapunguza maji ya maporomoko 2000, na 2003 wakafa kwa wingi, kuvu ikakutwa kwenye mizoga. Waliorudishwa pale 2012 ni uzao wa wale waliopelekwa Marekani mapema.

"Na kuvu ya huku kwetu ni ya ukoo gani?" akauliza.

Jibu lilikuwa kwenye vichupa. Babu akataka siku likitoka apigiwe simu yeye kwanza, kabla ya ofisi ya wilaya, na kiongozi wetu akakubali.